Bukari ya Likasi Inaanzia Mgodini

Kabla ya 1930 hapakuwa na ziwa Tshangalele. Palikuwa na bonde la Lufira, mto uliojiendea polepole katikati ya vinamasi na majani marefu mashariki ya Likasi, mji wa madini kusini mwa Kongo. Kisha likajengwa bwawa la Mwadingusha, ili nguvu ya maporomoko iendeshe viwanda vya shaba vya kampuni ya Union Minière, na maji yakatanda bondeni. Samaki wakapata makao mapana, wavuvi wakawafuata, na Kapolowe, kando ya ziwa, ikawa mlango ambamo tilapia na kambale hupitia kwenda Likasi na Lubumbashi. Mama anayenunua samaki huyo asubuhi ananunua zao la mgodi, ingawa sokoni hakuna anayemwita hivyo.

Mgodi uliolizaa ziwa ndio pia uliolichafua. Tangu 1929 viwanda vya Shituru, pembeni mwa Likasi, vimekuwa vikiloweka mawe ya shaba na kobalti katika asidi ili kuitoa metali. Maji ya kazi hiyo yameteremkia Mto Panda, Panda ikayapeleka Lufira, na Lufira ikayamwaga ziwani. Mwaka 2010 watafiti walichapisha vipimo vya bonde la Lufira ya juu: shaba, kobalti, zinki, risasi, kadmiamu, urani, vanadi na aseniki, katika maji, tope, mimea na samaki. Walithibitisha kwamba mnyororo wa chakula wa ziwa umechafuliwa.

Kwa macho samaki huyo hana dosari. Anang'aa, hanuki, na akikaangwa ngozi yake inakuwa kavu vizuri.

Wataalamu wa bidhaa wana kazi maalumu ya kufuatilia jambo kama hili: kutathmini athari za kijamii za bidhaa katika mzunguko mzima wa maisha yake. Wanaanza kwenye mbegu au wavu, wanapita shambani, njiani, kinuni, sokoni na jikoni, wanaishia kwenye mabaki yanayotupwa, na kila hatua wanauliza ni nani amenufaika na nani ameumia. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa mwongozo wa kazi hiyo mwaka 2009 na kuuandika upya mwaka 2020. Mwongozo wa kwanza uliwagawa wahusika katika mafungu matano: wafanyakazi, jamii ya mahali, washiriki wa mnyororo wa thamani, walaji, na jamii nzima ya nchi. Wa 2020 uliongeza fungu la sita, watoto. Mwaka 2024 shirika la viwango la kimataifa, ISO, nalo likatoa kiwango chake, namba 14075.

Ni elimu nzuri, na Likasi inaihitaji kuliko miji mingi. Ila hatua yake ya kwanza ni kuchora mpaka: nini kimo ndani ya mzunguko wa bidhaa na nini kiko nje. Ukichora mpaka wa samaki kuanzia mtumbwi na wavu, Shituru inabaki nje, kwa kuwa mvuvi hakununua kitu Shituru na Shituru haikumuuzia kitu. Kwenye karatasi hao hawajuani. Ndani ya mwili wa mtoto wa Kapolowe wanakutana kila siku.

Kilomita 20 hivi magharibi ya Likasi iko Shinkolobwe, ambako mpaka wa namna hiyo umechorwa vibaya kwa zaidi ya miaka 100. Mawe ya urani yaligunduliwa hapo mwaka 1915. Baada ya vita ya kwanza ya dunia yalipelekwa Ubelgiji kutolewa radiamu kwa ajili ya hospitali, na katika vita ya pili yakawa chanzo kikuu cha urani ya Marekani. Mawe mengine yalikuwa na oksidi ya urani kufikia asilimia 65, wakati machimbo mengine duniani yalifurahia hata asilimia moja. Mwisho wa safari ya mawe hayo, Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, unasimuliwa sana. Chakula cha waliochimba hakisimuliwi.

Union Minière iliwapa wafanyakazi wake posho ya unga, na unga huo ulikuwa na mzunguko wake. Tangu 1917 sheria ya Kongo ya Kibelgiji iliwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyoamriwa na serikali, na aliyekataa alifungwa. Mwaka 1942, ili kuendesha vita, siku za kazi ya lazima zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Theluthi ya mwaka! Mwanakijiji aliyekuwa mbali na Katanga, asiyewahi kusikia neno urani, alikuwa ndani ya mzunguko wa bomu kwa jembe lake, kama alivyokuwamo mchimbaji kwa sururu yake. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi waliposimama kudai mshahara unaolingana na kupanda kwa bei, askari waliwafyatulia risasi huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na makumi walikufa. Likasi, iliyoitwa Jadotville wakati huo, ilikuwa ndani ya mgomo huohuo. Unga na metali havijawahi kuwa habari mbili katika mkoa huu.

Mgodi ulifungwa mwaka 1960, Kongo ikielekea uhuru, na mashimo yake yakazibwa kwa zege. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachimbaji wa mikono walirudi kutafuta kobalti. Kijiji kikaota juu ya machimbo, kikafikia watu zaidi ya 15,000. Penye wachimbaji maelfu lazima pawe na wapishi: wanawake waliosonga bukari, yaani ugali, kwa unga uliobebwa kutoka Likasi, waliochemsha sombe (kisamvu) na kukaanga samaki, waliouza maji, na waliokopesha mlo asubuhi walipwe jioni mfuko wa mawe ukishapimwa. Sahani ziliwekwa wazi penye vumbi la mawe yenye urani. Mikono iliyomega bukari ndiyo iliyokuwa imetoka kuchimba.

Rais Joseph Kabila alitoa amri ya kufunga eneo hilo Januari 2004. Watu waliendelea kuchimba. Julai mwaka huo shimo liliporomoka na kuua, Agosti kijiji kikavunjwa na watu wakatawanywa, na baadaye wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaja kupima mionzi na uimara wa ardhi. Waliotawanywa walihesabiwa kama wachimbaji haramu. Mama aliyekuwa na madeni ya milo 40 mikononi mwa watu waliokimbilia pande zote hakuwa na fungu katika hesabu yoyote, kwa sababu mzunguko wa kobalti haumtambui mpishi.

Ukienda kwa utaratibu wa siku hizi, mtaalamu aliyeko Ulaya anayetathmini chakula cha Likasi hatakuja Likasi kwanza. Atafungua hifadhidata. Zipo mbili zinazotumika sana, Social Hotspots Database na PSILCA, na zote hupanga hatari za kijamii kwa nchi na kwa sekta. Zitamwambia kilimo cha Kongo kina hatari kubwa ya ajira ya watoto, ya ujira mdogo, ya kukosa vyama vya wafanyakazi. Maneno hayo yana ukweli mwingi. Shida iko kwenye kipimo chenyewe, kwa maana hatari hiyo huzidishwa kwa saa za kazi zinazoingia katika bidhaa.

Chukua mfuko wa unga wa kilo 25. Ukiwa umetoka shamba kubwa la Zambia lenye trekta na mashine ya kuvunia, saa zake za kazi ni chache. Mfuko wa pili umetoka kwa mama wa kijiji kando ya Lufira: amelima kwa jembe, amepalilia mara mbili, amepukuchua kwa mkono, amebeba kichwani hadi kinuni. Saa zake ni nyingi mno, na kila saa inabeba alama ya hatari ya nchi yake. Hesabu ikifungwa, mfuko wa jembe unaonekana kuwa na madhara makubwa kuliko wa trekta. Mnunuzi mwenye nia njema, akisoma jedwali hilo peke yake, ataacha kununua kwa yule ambaye mauzo yake ndiyo ada ya shule na dawa ya malaria. Hapo kipimo kimemwadhibu maskini kwa kufanya kazi nyingi, na mtaalamu anayekitumia bila kusema hivyo anapotosha.

Si kwamba mfuko wa Zambia ni wa kudharauliwa. Haut-Katanga, mkoa wa Likasi, inaishi nao. Malori hupanga foleni mpakani Kasumbalesa, na kila mvua inapokataa upande wa pili wa mpaka, bei ya unga Lubumbashi na Likasi hupanda. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa la Zambia, na mlaji wa Likasi akajua maana yake alipofika sokoni. Moïse Katumbi, alipokuwa gavana wa Katanga kati ya 2007 na 2015, aliliona tatizo hilo na kuyabana makampuni ya madini yalime mahindi, hekta 500 kila moja. Wazo lilikuwa na mantiki: anayetoa metali ardhini arudishe chakula. Lakini ni ardhi ipi itakayolimwa, imwagiliwe maji gani, na nani alikuwa akiilima kabla ya kampuni? Maswali hayo ndiyo tathmini yenyewe, na agizo la idadi ya hekta haliyajibu.

Tena mpaka wa nchi si mpaka wa uchafu. Tarehe 18 Februari 2025 ukingo wa bwawa la mabaki ya mgodi wa shaba ulibomoka Chambishi, kaskazini mwa Zambia, na karibu lita milioni 50 za maji ya asidi zikaingia kijito cha Mwambashi na kutoka hapo Mto Kafue. Samaki walikufa, mashamba ya kandokando yaliungua, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Kwa hiyo hata unga unaovuka Kasumbalesa una majirani wake wa mgodini, na hifadhidata inayoandika tu "Zambia, nafaka" haiwaoni.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Mwaka 2013 kundi la watafiti wa Ufaransa lilichunguza ndizi za Kameruni zinazouzwa nje, wakitumia uhusiano ulioelezwa na Samuel Preston mwaka 1975 kati ya kipato cha nchi na umri wa kuishi: kipato kikipanda katika nchi maskini, watu huishi muda mrefu zaidi. Walitaka kukadiria kiasi gani biashara ya ndizi imeongeza maisha ya Wakameruni. Ni kazi ya kijasiri, kwa maana ilithubutu kusema athari ya kijamii inaweza kuwa njema, wakati tathmini nyingi huorodhesha maovu tu.

Lakini ipeleke Likasi uone. Kiwanda kikifufuka, mishahara inatoka, kipato cha mji kinapanda, na kwa kanuni ya Preston umri wa kuishi unapanda nao. Siku hiyohiyo mfereji wa kiwanda unajaa, na mboga za bondeni zinanyonya kilichomo. Kipato na sumu vinatoka bomba moja. Kanuni inayosoma kimoja na kuacha kingine itawapa wenye mgodi cheti cha kurefusha maisha.

Kuhusu sumu yenyewe, mkoa huu una wanasayansi wake na kazi yao inastahili kutangazwa. Kitengo cha sumu cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, chini ya Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, kilichapisha mwaka 2009 vipimo vya mkojo wa wakazi wa kusini mwa Katanga. Viwango vya kobalti vilikuwa vya juu kuliko vyovyote vilivyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida popote. Miongoni mwa watoto walioishi karibu na migodi na viwanda, asilimia 87 walipita kiwango cha tahadhari kilichowekwa kwa watu wazima wanaofanya kazi na kobalti. Watoto hao hawakuwa wameajiriwa popote. Walikuwa wanakula, wanakunywa na kucheza.

Swali lililofuata ndilo linalohusu chakula: kobalti inaingia kwa njia gani? Mwaka 2014 kundi lililowajumuisha watafiti haohao lilitoa majibu baada ya kupima maji ya kunywa, unga, mboga, samaki, udongo na vumbi la nyumbani. Kwa watu wazima mlango mkuu ulikuwa chakula, mboga zikiwa mbele na, kwa wanaoishi ziwani, samaki. Kwa watoto wa mitaa iliyo jirani na viwanda vumbi nalo lilikuwa na fungu kubwa. Mboga hizo ndizo zilezile za kila siku, lengalenga na matembele na sombe, zinazolimwa bondeni kwa sababu huko ndiko kuna maji wakati wa kiangazi. Mlimaji hana shamba jingine. Akipeleka mafungu yake sokoni anauza kijani kibichi cha kupendeza, na anakula kilichobaki.

Hata mkaguzi mwenye bidii akimpima samaki huyo, atakwama. Codex, mkusanyo wa viwango vya chakula wa FAO na WHO, una vikomo vya risasi, kadmiamu, aseniki na zebaki. Kobalti haimo. Sababu inaeleweka: karibu kote duniani kobalti ya kwenye chakula ni kidogo mno kuhangaikiwa. Kusini mwa Kongo, kunakotoka sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, hali ni tofauti, na wakazi wake si wengi kiasi cha kulazimisha kanuni ya kimataifa. Samaki anaweza kupita vikomo vyote vya kobalti kwa sababu hakuna kikomo cha kupita.

Upande wa betri, kunakoenda kobalti hiyo, hesabu ni kinyume chake. Umoja wa Ulaya ulitunga mwaka 2023 sheria inayoyataka makampuni ya betri kuchunguza kobalti yao ilikotoka, yakiwemo madhara kwa maji, udongo na afya za watu. Makampuni yamewekeza nguvu kumtafuta mtoto aliye shimoni, na ni haki atafutwe. Mtoto aliye mezani, anayekula samaki wa ziwa lililopokea maji ya kiwanda, yumo katika mzunguko uleule wa betri. Picha yake haitishi, kwa hiyo haichapishwi. Daftari la kobalti halina samaki, daftari la samaki halina kobalti, na kila mwenye daftari anaapa kwamba hesabu yake ni safi.

Jambo gumu kuliko yote ni hili: kusema. Tangaza kesho kwamba samaki wa Tshangalele wana metali, na kesho kutwa mvuvi wa Kapolowe hana mnunuzi. Familia zitahamia makayabu, yaani samaki wa chumvi, na samaki wa barafu kutoka nje, wanaomaliza pesa kabla ya mwezi kuisha, na watoto watakosa protini. Tathmini nayo ina athari za kijamii. Japani ilipitia hayo Minamata, ambako zebaki ya kiwanda iliwatia sumu samaki na waliowala. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, serikali ikakiri chanzo chake mwaka 1968, na kwa miaka hiyo 12 wavuvi walizidi kufukarika huku familia zao zikiendelea kula samaki, kwa kuwa hawakuwa na kingine. Kunyamaza hakukuwaokoa, na tangazo bila fidia lisingewaokoa vilevile. Kwa sababu hiyo mvuvi na muuzaji wa mboga wanapaswa kukaa mezani kabla ya kipimo cha kwanza kuchukuliwa, wajue kitatumikaje na nani atawafidia kikitoka kibaya.

Na bukari ya Likasi yenyewe imepikwa kwa nini? Kwa makala, kama makaa yanavyoitwa Katanga, yanayoletwa mjini kwa baiskeli zilizobebeshwa mpaka mpandaji anazisukuma kwa miguu. Misitu ya miombo inayozunguka Likasi inaishia jikoni. Hatua hii peke yake ingestahili safu nzima, maana mchoma makala huenda akawa mkulima aliyepoteza shamba.

Fedha za kuanza kupima na kufidia hazihitaji kuombwa kwa mfadhili. Kanuni ya Madini ya Kongo ya mwaka 2018 inalitaka kila kampuni la mgodi litenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazolizunguka, na inaelekeza asilimia 15 ya mrabaha kwa mamlaka za mahali. Kamati zinazosimamia fedha hizo zina uzoefu wa kujenga madarasa na visima. Sasa zilipie maabara: mboga za bonde la Panda na samaki wa ziwani wapimwe kila msimu na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, si kwa agizo la kampuni linalochunguzwa. Zilipie maji safi ya kumwagilia bustani za mjini, ambayo yatamsaidia mlimaji kabla ya kumtisha mnunuzi wake. Ziweke akiba ya fidia kwa wavuvi. Na wanaotathmini kobalti kwa ajili ya masoko ya Ulaya na Asia watakiwe kuingiza sahani ya Likasi katika mpaka wao, la sivyo cheti chao kikataliwe.

Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili, kwa namba ambazo mnunuzi anazielewa, na yabandikwe soko la Kapolowe na masoko ya Likasi, pale pale samaki anapouzwa. Vipimo vya 2009, 2010 na 2014 vilichapishwa kwa Kiingereza na Kifaransa.